Mapengo ya Mikindani Yajengwe, Lakini Yajengwe kwa Wakazi

Miongoni mwa miji midogo ya mwambao wetu, Mikindani ni mmojawapo wa ile inayotajwa sana katika vitabu na kusahauliwa sana katika mipango. Mwanafunzi wa historia huambiwa kwamba hapo ndipo David Livingstone aliposhuka mwaka 1866 kuanza safari yake ya mwisho ya bara. Huambiwa juu ya pembe za ndovu na juu ya watumwa waliopitishwa katika ghuba ile. Huambiwa pia kwamba Wajerumani walijenga boma lao kilimani mwaka 1895. Asichoambiwa ni kwamba Mikindani bado ni mji wenye watu, wenye misikiti, masoko, wavuvi na watoto wa shule, na kwamba katika mitaa yake ya kale, kati ya nyumba moja na nyingine, pana mapengo ambayo yamekaa wazi kwa miongo mingi.

Mapengo hayo hayakuja kwa bahati mbaya. Mnamo mwaka 1947 serikali ya kikoloni ya Uingereza ilipoanzisha mradi wake mkubwa wa karanga, ilihitaji bandari yenye kina kirefu, na ghuba ya Mikindani haikuifaa. Ikachaguliwa Mtwara, kiasi cha kilomita kumi kutoka hapo. Mradi wa karanga ulikufa mwaka 1951, na reli iliyojengwa kwa ajili yake ikafungwa mwaka 1962, lakini Mtwara ilibaki na bandari, na ofisi zikafuata bandari. Wafanya biashara wakafuata ofisi. Nyumba ya ghorofa iliyokwisha kukimbiwa na mwenyewe haihitaji adui: mvua inaingia kwenye dari, boriti zinaoza, ukuta wa matumbawe unakunywa maji mpaka unamomonyoka, na baada ya masika kadhaa hubaki kifusi na mpapai ulioota chumbani.

Leo hali imeanza kugeuka, na ndiyo sababu ya makala haya. Tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa katika mto Rufiji mwaka 2003, mikoa ya kusini si kisiwa tena. Bomba la gesi kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam lilikamilika mwaka 2015, na mwaka huo huo kiwanda kikubwa cha saruji kikaanza kazi mkoani humo. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini imejengwa Mitengo, jirani kabisa na Mikindani, nayo ina wauguzi, madaktari na makarani ambao lazima walale mahali fulani. Walimu wa shule za hapo nao wanapanga vyumba. Kwa ufupi, watu wenye mishahara wanatafuta nyumba pembeni mwa mji wenye viwanja vitupu katikati yake. Swali si kama mapengo yale yatajengwa. Yatajengwa. Swali ni nani atakayeyajenga, atajenga kitu gani, na nani atakayelala ndani.

Wako watakaosema kwamba jambo hili lina jibu rahisi: aachiwe mwenye fedha, naye ajenge apendavyo. Tunajua matunda ya jibu hilo, kwa maana tumekwisha kuyaona kila mahali katika pwani yetu. Mwenye fedha hununua kiwanja kwa warithi waliochoka, huzungushia ukuta mrefu wenye geti la chuma, hurudisha nyumba nyuma ya ukuta ili apate mahali pa kuegesha gari, hupandisha ghorofa tatu au nne juu ya majirani zake, na hufunga madirisha mapana ya vioo yanayogeuza vyumba kuwa tanuri mpaka aweke mashine za kupoza hewa. Baraza hakuna. Mtaa uliokuwa ukumbi wa jirani zote unageuka kuwa uchochoro kati ya kuta mbili. Wala mtu huyo hakuvunja sheria yoyote, pengine kibali anacho mkononi. Kosa ni la sisi tuliompa ramani ya Mbezi akaipeleka Mikindani.

Wako pia wenye jibu la pili, ambalo ni la wasomi. Hao husema mji wa kale usiguswe: kila pengo libaki pengo, kila gofu libaki gofu, na watalii waje kupiga picha. Mimi jibu hili nalichelea zaidi kuliko la kwanza, kwa sababu linavaa joho la heshima. Mji haukupata kuhifadhiwa kwa kuachwa. Nyumba za Mikindani zilisimama kwa sababu kila mwaka mtu alipaka chokaa, alibadili boriti iliyooza na kuziba ufa kabla ya masika. Palipo na pengo, nyumba mbili za kando hupoteza egemeo na kivuli, maji hukusanyika penye kifusi na kunyemelea misingi yao, na baada ya muda pengo moja huzaa jingine. Kumkataza mtu asijenge pengo kwa jina la historia ni kuihukumu historia yenyewe ianguke polepole.

Kinachotakiwa, basi, ni nyumba mpya zinazoijua mitaa ya kale. Jambo hili si fumbo, wala halihitaji mtaalamu kutoka nchi za nje aje kutufundisha. Nyumba ya Kiswahili ina kanuni zake ambazo kila fundi mwashi wa pwani anazijua, hata kama hazikuandikwa. Uso wa nyumba unakaa kwenye mstari wa mtaa pamoja na nyumba nyingine, haurudi nyuma wala hauchomozi. Mbele pana baraza. Mlango upo katikati, na kutoka mlangoni ukumbi mrefu unakwenda moja kwa moja hadi uani, vyumba vikiwa kulia na kushoto. Ua uko nyuma, na huko ndiko kwenye jiko, choo na maji. Madirisha ni membamba na marefu, yana mbao za kufungua na kufunga, upepo wa baharini uingie na jua libaki nje. Urefu wa nyumba haupiti urefu wa jirani zake. Anayefuata hayo machache anaweza kujenga kwa tofali za saruji, akaweka umeme na bomba na choo cha kuvuta maji, na bado nyumba yake ikakaa mtaani kama iliyokuwapo siku zote.

Juu ya vifaa hapana budi tuseme kidogo, maana hapa ndipo wapenzi wa mambo ya kale wanapojikwaa. Zamani ukuta ulijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya magogo. Vyumba vilikuwa vyembamba, mita mbili na nusu hadi tatu, kwa sababu boriti ya mkoko haiwezi kubeba dari pana zaidi ya hapo. Tukisema leo kila nyumba mpya ijengwe hivyo hivyo, tutamaliza mikoko na matumbawe, na mvuvi wa Mikindani atabaki na mji mzuri usio na samaki. Uchimbaji wa matumbawe kwa ajili ya chokaa umekwisha kuidhuru miamba ya pwani yetu ya kusini vya kutosha. Kwa nyumba mpya, tofali za saruji na miti ya kupandwa iliyotiwa dawa zinatosha kabisa.

Lakini kwa nyumba ya kale inayokarabatiwa, saruji ni sumu. Ukuta wa matumbawe hupumua: hunyonya unyevu na kuutoa. Ukipigwa lipu ya saruji, unyevu na chumvi hukwama ndani, lipu hupasuka na kubanduka ikiondoka na jiwe, na mwenye nyumba huamini kwamba ukuta wake ni mbovu, kumbe ameunyonga kwa mkono wake. Kwa hiyo chokaa bado inahitajika. Na je, mkoa ambao ardhi yake ina jiwe la chokaa la kulisha kiwanda kizima cha saruji unashindwaje kupata tanuri moja la kuchoma chokaa kutokana na jiwe hilo hilo la nchi kavu, ili matumbawe ya baharini yaachwe? Hii ni kazi ambayo kikundi cha vijana waliofundishwa vizuri kinaweza kuifanya. Chuo cha ufundi stadi kipo Mtwara. Kinachokosekana ni somo la ukarabati wa kuta za kale katika ratiba yake, na soko la hakika la chokaa itakayochomwa.

Tuje kwenye sheria. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda kwa nguvu yake yenyewe majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Jengo la baada ya hapo halilindwi mpaka Waziri alitangaze. Hesabu yake ni nyepesi: boma lenyewe la Mikindani, la mwaka 1895, limezaliwa nje ya mpaka huo, na ndivyo ilivyo kwa nyumba za ghorofa zilizojengwa baada yake. Sheria hiyo hiyo inalinda milango ya nakshi iliyochongwa kabla ya mwaka 1940. Basi inawezekana kabisa mlango ukawa na ulinzi ambao nyumba iliyoubeba haina, na mtu akaruhusiwa kuibomoa nyumba ilimradi mlango usisafirishwe. Mipaka ya miaka namna hiyo iliwafaa waliokuwa wakilinda magofu ya Kilwa Kisiwani. Haiufai mji unaoishi. Mitaa ya kale ya Mikindani inahitaji kulindwa kama eneo zima, pamoja na njia zake, viwanja vyake vitupu na mstari wake wa baraza, na masharti ya ujenzi yaandikwe kwa Kiswahili chepesi, yabandikwe katika ofisi ya kila mtaa, ili mwananchi ayajue kabla hajanunua mfuko wa kwanza wa saruji.

Ndugu zetu wa Zanzibar wametutangulia katika njia hii, na tuna mengi ya kujifunza kwao, mazuri na machungu. Mamlaka ya kuhifadhi Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985, mpango wake mkuu wa hifadhi ukatoka katika miaka ya 1990, na mwaka 2000 mji ukaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Palikuwa na chombo, ramani na masharti. Hata hivyo, upanuzi wa jengo la Mambo Msiige kuwa hoteli, uliokamilika mwaka 2015, uliisumbua Kamati ya Urithi wa Dunia kwa ukubwa na urefu wa sehemu yake mpya. Na siku ya tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit el Ajaib, jumba la mwaka 1883, iliporomoka ikaua watu wawili. Fedha za hoteli zilipatikana haraka, za kushika ukuta usianguke zikachelewa. Aidha, yeyote anayetembea Mji Mkongwe usiku ataona jinsi nyumba nyingi zilivyokuwa za familia na sasa ni za wageni wa siku tatu. Kuta zimepona, lakini mkazi amehamia ng'ambo.

Hapa ndipo lilipo jambo lenyewe. Mikindani pia imekwisha kuonja faida ya utalii. Boma lile la kilimani lilikuwa gofu mpaka shirika la hisani la Uingereza, Trade Aid, lilipolikarabati na kuligeuza kuwa hoteli, na vijana wa hapo wakapata mafunzo na kazi. Hilo ni jema na halipingwi. Lakini boma ni moja. Mapengo yote yakijazwa nyumba za wageni, mji utakuwa na vitanda vingi na watu wachache, na siku watalii watakapopungua, kama walivyopungua duniani kote mwaka 2020, mitaa itarudi kuwa kimya kama ilivyokuwa baada ya ofisi kuhamia Mtwara. Mwalimu, muuguzi na mvuvi hawaondoki msimu ukiisha.

Basi fedha zitoke wapi? Kwanza tuelewe kwa nini viwanja hivi vimelala. Vingi vya namna hii katika pwani yetu ni mali ya urithi. Tuchukue mfano wa kiwanja kilichoachwa na babu mmoja, warithi wake sasa ni kumi na saba, watatu wako Dar es Salaam, mmoja Muscat, wawili hawajulikani walipo, na wengine wako pale pale lakini hawaelewani. Hakuna anayeweza kujenga, kwa sababu atakayejenga atakuwa amejengea wote. Hakuna anayeweza kukopa, kwa sababu benki inataka hati yenye jina moja. Njia pekee iliyobaki wazi ni kuuza, na anayeuza kwa shida huuza kwa bei ya shida.

Mimi sioni kwa nini Halmashauri ya Manispaa ya Mtwara-Mikindani, pamoja na Shirika la Nyumba la Taifa au mfuko mmojawapo wa hifadhi ya jamii, zisiingie ubia na warithi hao bila kuwang'oa. Warithi watoe kiwanja kama mtaji wao, shirika litoe fedha na ufundi. Nyumba ijengwe kwa kanuni za mtaa, ipangishwe kwa watumishi kwa kodi inayolingana na mshahara wao, na kodi igawanywe: sehemu ilipe gharama za ujenzi, sehemu iende kwa warithi kwa mafungu yao ya mirathi, na sehemu iwekwe kwa matengenezo ya kila mwaka. Baada ya miaka iliyokubaliwa, nyumba irudi kwa wenyewe. Kazi ya kwanza katika mpango huo si ya mjenzi bali ya karani mvumilivu, kadhi na mwenyekiti wa mtaa, wa kuwatafuta warithi na kuandika nani ana fungu gani. Kazi hiyo haipigwi picha, lakini bila hiyo hakuna tofali litakalokaa juu ya jingine.

Watasema wataalamu wa fedha kwamba nyumba moja moja katika viwanja vidogo ni ghali, na kwamba faida iko katika kupima shamba kubwa nje ya mji na kujenga nyumba mia zinazofanana. Hesabu hiyo huacha mambo nje. Kule shambani lazima ikatwe barabara, lipelekwe bomba, zisimikwe nguzo za umeme, kisha ijengwe shule na zahanati, na mwalimu alipe nauli kila siku ya kazi. Katika pengo la Mikindani barabara ipo mlangoni, shule ipo, soko lipo, msikiti upo, bahari ipo. Gharama ambayo shirika linaikwepa kule huangukia kwa Manispaa na kwa mfuko wa mpangaji, na zote mbili ni fedha za wananchi wale wale.

Historia yetu wenyewe ya nyumba za umma inaunga mkono hoja hii. Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa mwaka 1962, na mojawapo ya kazi zake za mwanzo huko Dar es Salaam ilikuwa kuvunja nyumba za udongo na kujenga za matofali mahali pale pale, kwa umbo lile lile la vyumba viwili viwili na ukumbi katikati. Umbo lilikuwa sahihi. Lakini iligundulika kwamba kuvunja nyumba ili kujenga nyumba hakuongezi nyumba kwa kiasi cha fedha kinachoteketea, na kuanzia mwaka 1974 nguvu ikaelekezwa kwenye miradi ya viwanja na huduma, na kwenye kuboresha mitaa iliyopo kama Manzese. Kujaza pengo hakuna kasoro ile ya kwanza, maana pengo halina wa kuvunjiwa. Wala hakuna kasoro ya Magomeni Kota, ambako kaya 644 zilisubiri takriban miaka kumi mpaka nyumba zao mpya zilipozinduliwa mwaka 2022. Walirudi, na ni haki yao, lakini miaka kumi ni utoto mzima wa mwanafunzi.

Ipo hofu moja ambayo lazima isemwe waziwazi. Bei ya ardhi ikijulikana kwamba itapanda, wajanja watatangulia. Tulishuhudia Mtwara mara habari za gesi zilipovuma katika miaka ya 2010: watu waliuziana mashamba na viwanja kwa matumaini matupu, na wengi waliouza mapema ni wenyeji. Ubia na warithi utakuwa na maana endapo tu orodha ya viwanja na wenyewe itakamilika kabla mradi haujatangazwa, na endapo mauzo katika eneo la hifadhi yatapitia Manispaa, ikiwa na haki ya kwanza ya kununua kwa bei ya haki. Afisa ardhi atakayevujisha orodha hiyo kwa rafiki yake atakuwa amejenga geti la chuma kwa kalamu.

Na bahari nayo isisahauliwe. Kimbunga Kenneth cha Aprili 2019 kiliangukia Msumbiji, lakini wananchi wa Mtwara waliambiwa wahame mabondeni na pwani, na wengi walilala nje ya nyumba zao siku ile. Viwanja vilivyo chini kabisa karibu na maji visijengwe nyumba za kulala hata kama vinapendeza kuliko vyote. Hapo pafaa soko la samaki, bustani, au mahali pa kukarabatia ngalawa. Nyumba za mtaa wa juu yake zijengwe na kenchi zilizofungwa kwa chuma hadi ukutani, na msingi ulioinuka. Baraza, kwa bahati njema, ni msingi ulioinuka tangu zamani.

Hatua ya kuanzia haihitaji mabilioni. Manispaa iteue mtaa mmoja wenye mapengo matano au sita, ihesabu magofu na warithi, ichore nyumba mbili au tatu za mfano zenye bei iliyoandikwa, na iweke fungu la kazi hiyo katika bajeti ijayo. Mafundi waashi wa Mikindani waitwe kuziangalia ramani hizo kabla hazijapitishwa, kwa sababu wao ndio watakaojua mara moja kama upepo utaingia chumbani au hautaingia.